Kontena za tarakilishi: Jinsi ya kusaka hitilafu za poti na ukuta wa kinga

MMILIKI wa tovuti ya kusomea habari ya NewsBlur nchini Marekani, Samuel Clay, alikuwa akihamishia huduma zake kwenye seva mpya mnamo Juni 2021 alipogundua kuwa hifadhidata yake ilikuwa imefutwa. Mahali pake mdukuzi alikuwa ameacha ujumbe wa kudai kikombozi kwa sarafu ya bitcoin.

Clay hakuwa mzembe. Seva yake ilikuwa na ukuta wa kinga, ule ambao mafundi huuita faiawali, na kanuni za ukuta huo zilitaja bayana tarakilishi zilizoruhusiwa kuifikia hifadhidata hiyo. Alichokuwa amebadilisha ni kitu kimoja tu: hifadhidata sasa iliendeshwa ndani ya kontena ya Docker. Programu hiyo ilifungua mlango kwa ulimwengu mzima, na ukuta wake haukuwa na habari.

Bahati ni kwamba data ilikuwa ingali kwenye seva ya zamani aliyokuwa akihama kutoka kwayo, na huduma ikarejea. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe hadharani, na hadi leo hutajwa kila panapozungumzwa suala la kontena na faiawali. Hitilafu za aina hii huja kwa sura mbili zinazokinzana: mlango uliodhaniwa umefungwa kumbe u wazi, au mlango uliofunguliwa kwa makusudi kumbe haupitiki. Chimbuko lake aghalabu ni moja.

Kuli na makasha yake

Neno kontena limeazimwa kutoka bandarini. Mnamo Aprili 26, 1956, meli Ideal-X iling'oa nanga Newark nchini Marekani kuelekea Houston ikiwa imebeba makasha 58 ya chuma, na biashara ya usafirishaji haikuwa tena kama zamani. Wakazi wa Mombasa hawahitaji kuelezwa faida yake: mzigo hufungwa mara moja, na meli, gari moshi au lori hulibeba kasha bila kujali kilichomo ndani.

Kontena za tarakilishi zinafuata wazo lilo hilo. Programu hufungwa pamoja na kila inachohitaji, kisha kifurushi hicho huendeshwa kwenye seva yoyote ile. Docker, ambayo jina lake kwa Kiingereza ni kuli wa bandarini, ilionyeshwa umma kwa mara ya kwanza na Solomon Hykes katika kongamano la PyCon mjini Santa Clara, California, mnamo Machi 2013. Leo kuna programu nyingine za aina hiyo, lakini namna Docker inavyounganisha kontena na mtandao ndiyo iliyozoeleka zaidi.

Maelezo haya yanahusu seva zinazotumia mfumo wa Linux. Kwenye tarakilishi za Windows na Mac, kontena huendeshwa ndani ya tarakilishi pepe, na mambo huwa na tabaka moja zaidi.

Daraja na njia ya pakiti

Docker inapowekwa kwenye seva, huunda daraja pepe liitwalo docker0. Daraja hilo hupewa anwani ya 172.17.0.1, na kila kontena inayozaliwa hupewa anwani yake katika mtaa huo huo, mathalan 172.17.0.2. Kontena huunganishwa na daraja kwa waya pepe wenye ncha mbili. Ncha moja i ndani ya kontena na ya pili imechomekwa kwenye daraja. Kontena huamini kwamba ina tarakilishi yake yenyewe, yenye kadi ya mtandao na milango yake.

Milango hiyo ndiyo huitwa poti. Kila anwani ina poti zenye nambari kuanzia 1 hadi 65,535, na programu inayongojea wageni hukaa kwenye mmojawapo. Kwa kuwa anwani za daraja hazijulikani nje ya seva, mgeni aliye mbali hawezi kuifikia kontena moja kwa moja. Ndipo inapokuja haja ya kuelekeza poti: fundi huiagiza Docker kwa maneno kama "-p 8080:80", yaani anayebisha kwenye poti 8080 ya seva apelekwe poti 80 ya kontena.

Kazi hiyo ya kuelekeza haifanywi na Docker yenyewe. Docker huandika kanuni katika iptables, mfumo wa kuchuja pakiti uliojumuishwa katika kiini cha Linux tangu toleo la 2.4 mnamo 2001. Anayetaka kuelewa hitilafu zake sharti aijue safari ya pakiti katika mfumo huo, kwa kuwa takriban matatizo yote yamejificha humo.

Pakiti inapowasili kutoka nje, kituo chake cha kwanza ni mnyororo wa kanuni uitwao PREROUTING. Hapo ndipo kanuni ya Docker inapobadilisha anwani iendako: badala ya poti 8080 ya seva, sasa imeandikwa 172.17.0.2 poti 80. Baada ya hapo tu ndipo kiini cha mfumo kinapoamua pakiti ni ya nani. Ingekuwa ya seva yenyewe, ingepitia mnyororo wa INPUT. Lakini kwa sababu anwani imekwisha kubadilishwa, inaonekana ni ya mtu mwingine, hivyo hupitishwa FORWARD na kuingia darajani.

Kitendawili cha NewsBlur kimeteguliwa papo hapo. UFW, faiawali inayotumiwa sana kwenye mfumo wa Ubuntu, huweka kanuni ambazo msimamizi huziandika za kuzuia wageni katika mnyororo wa INPUT. Pakiti ya kontena haipiti huko. Ni sawa na askari aliyewekwa kwenye lango kuu ilhali wageni wanaingizwa kupitia lango la uani, tena kwa idhini rasmi. Askari akiulizwa, atajibu kwa unyoofu kwamba hakuna aliyepita. Amri ya "ufw status" nayo huonyesha kwamba poti imefungwa, na msimamizi huenda kulala akiwa na imani.

Jambo hili limelaumiwa kwa miaka mingi, na lawama hizo zina msingi. Mtu anayeandika "-p 27017:27017" hadhani kwamba anatangaza hifadhidata yake kwa kila anwani duniani, lakini hilo ndilo analofanya, kwani anwani isipotajwa Docker huchukua zote. Mnamo Januari 2017, maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizokuwa wazi kwenye intaneti, nyingi bila nywila, zilifutwa na kudaiwa kikombozi. Wadukuzi hawakuhitaji kumjua mwenye seva. Programu zao hubisha anwani moja baada ya nyingine usiku na mchana.

Kwa taasisi za Kenya, kosa hilo lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka anayesimamia taarifa za watu kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kwamba taarifa hizo zimefikiwa na asiyeruhusiwa, pale ambapo pana hatari ya wahusika kudhurika. Kusema kwamba faiawali ilikuwa imewashwa hakusitishi hesabu ya saa hizo.

Kufunga kilicho wazi

Dawa ya kwanza ndiyo rahisi na ndiyo bora: poti isiyohitaji wageni isielekezwe kabisa. Kontena mbili zilizo kwenye daraja moja huzungumza bila poti yoyote kufunguliwa kwenye seva. Hifadhidata inayotumiwa na programu jirani haina sababu ya kuwa na "-p" hata kidogo.

Ikiwa ni lazima mhudumu aifikie kutoka kwenye seva yenyewe, anwani itajwe: "-p 127.0.0.1:5432:5432". Hapo ni walio ndani ya seva tu watakaopata njia. Hata hivyo, matoleo ya Docker yaliyotangulia lile la 28, lililotolewa mapema 2025, yalikuwa na upenyo: tarakilishi iliyo kwenye mtandao mmoja na seva iliweza kuifikia hata poti iliyofungwa kwa anwani hiyo. Anayetumia toleo la zamani katika ofisi yenye tarakilishi nyingi asiibweteke kwa kinga hiyo.

Kwa poti ambazo zapaswa kuonekana nje lakini kwa watu maalumu, Docker imetenga mnyororo wa DOCKER-USER. Huu hukaguliwa kabla ya kanuni za Docker zenyewe, na Docker haifuti yaliyoandikwa humo. Mafundi wengi hujikwaa hapa mara mbili.

Kwanza, pakiti inapofika DOCKER-USER anwani yake imekwisha kubadilishwa. Anayeandika kanuni ya kuzuia poti 8080 atashangaa kuona haizuii chochote, kwa sababu pakiti hiyo sasa inasema poti 80. Ama aandike poti ya kontena, ama atumie kipengele cha conntrack kinachokumbuka poti ya awali, "--ctorigdstport 8080".

Pili, kanuni inayotupa kila pakiti isiyotoka kwa anwani zilizoruhusiwa hutupa pia majibu ya safari ambazo kontena yenyewe ilizianzisha. Kontena ikiomba kitu kutoka intaneti, ombi litatoka salama lakini jibu litauawa mlangoni. Kwa hiyo, juu ya kanuni ya kuzuia sharti iwekwe nyingine inayopitisha pakiti za mazungumzo yaliyokwisha kuanza, zile zenye hali ya ESTABLISHED na RELATED. Na kwa vile amri ya "-I" huweka kanuni mpya juu kabisa, ya kuzuia huandikwa kwanza na ya kupitisha baadaye.

Seva iliyokodishwa kwenye wingu huwa na faiawali nyingine ya mwenye wingu, iliyo nje ya seva yenyewe. Hiyo Docker haiwezi kuigusa. Ni busara kuitumia, ingawa pia ni chanzo cha usumbufu: fundi hukesha akichunguza iptables ilhali pakiti hazikuwahi kuifikia seva.

Mlango usiopitika

Sura ya pili ya tatizo ni kinyume cha ya kwanza. Poti imeelekezwa, kontena inaendeshwa, lakini mgeni haingii. Kabla ya kugusa kanuni yoyote, inafaa kusikiliza jinsi mlango unavyokataa.

Mteja akiambiwa papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, ina maana pakiti zilifika mahali fulani na kukuta hakuna anayengojea. Akingoja kimya hadi muda ukaisha, aghalabu kuna faiawali inayozitupa pakiti bila kujibu, au njia ya kurudi imepotea. Tofauti hiyo ndogo huokoa saa nyingi.

Katika kukataliwa, mshukiwa wa kwanza si faiawali bali programu iliyo ndani ya kontena. Programu nyingi, hasa zile za kuundia tovuti, huanza zikisikiliza anwani ya 127.0.0.1 pekee. Kwenye tarakilishi ya kawaida jambo hilo halina neno. Ndani ya kontena, anwani hiyo ni kontena yenyewe na si mwingine. Pakiti inayotoka darajani huja kwa 172.17.0.2 na kukuta mlango mtupu. Programu iambiwe isikilize 0.0.0.0. Akijaribu kutoka kwenye seva yenyewe, fundi anaweza kuona muunganisho ukikubaliwa kisha ukakatwa ghafla, dalili ambayo huwapoteza wengi.

Sababu ya dalili hiyo ni msaidizi aitwaye docker-proxy. Anayebisha 127.0.0.1 kutoka ndani ya seva hapitii kanuni za kubadilisha anwani zilizoelezwa hapo juu. Hupokewa na docker-proxy, ambayo nayo humpeleka kwa kontena. Kwa hivyo jaribio lililofaulu kutoka kwenye seva halithibitishi kwamba wageni wa nje wanaweza kuingia, kwani wanapita njia tofauti. Jaribio la kuaminika hufanywa kutoka tarakilishi nyingine.

Kosa jingine la kawaida ni kudhani kwamba tamko la EXPOSE katika faili ya kuundia kontena hufungua poti. Halifungui. Ni maandishi ya kumfahamisha msomaji tu. Amri ya "docker port" ikifuatwa na jina la kontena huonyesha kilichoelekezwa kwa kweli, na "ss -ltnp" huonyesha ni programu ipi inayosikiliza wapi.

Ukimya unapozidi, zana mbili hutosha. Amri ya "iptables -t nat -L -n -v" huonyesha kanuni za kubadilisha anwani pamoja na hesabu ya pakiti zilizoguswa na kila moja. Fundi hujaribu kuingia kutoka nje, kisha hutazama iwapo hesabu imepanda. Isipopanda, pakiti hazikufika kwenye kanuni hiyo. Ikipanda, basi tatizo liko mbele, na mnyororo wa FORWARD huchunguzwa kwa njia hiyo hiyo. Zana ya pili ni tcpdump, inayosikiliza kwanza kwenye kadi ya mtandao ya seva na baadaye kwenye daraja. Pakiti inayoonekana kwenye kadi bila kuonekana darajani imemezwa katikati.

Mara nyingi kinachozimeza ni kanuni zilizopotea. Tangu toleo la 1.13 la mwaka 2017, Docker huweka FORWARD katika hali ya kutupa kila kitu kisichoruhusiwa. Sasa fundi akisafisha kanuni kwa "iptables -F", ruhusa za Docker hufutika lakini ile hali ya kutupa hubaki. Kontena zinaendelea kufanya kazi, jaribio la ndani ya seva linafaulu kupitia docker-proxy, ilhali wa nje wanagonga ukuta. Kuiwasha Docker upya huandika kanuni zote tena. Vivyo hivyo, kipengele cha net.ipv4.ip_forward kikirejeshwa sifuri na faili fulani ya mipangilio, seva huacha kupitisha pakiti za watu wengine na kontena hubaki kisiwani.

Mifumo mipya imeongeza utata wake. Tangu Debian 10 mnamo 2019, amri ya iptables hutafsiriwa na kuwa kanuni za nftables, lakini ile ya kale bado ipo chini ya jina iptables-legacy. Seva inaweza kuwa na kanuni katika majedwali yote mawili, na anayetazama moja huapa kwamba la pili halipo. Pakiti hukaguliwa na yote.

Kontena kwenda kwa mwenyeji

Kuna hali moja inayochekesha kwa wasiokuwa nayo. Faiawali ile ile isiyowazuia wageni kuingia kwenye kontena huizuia kontena kuzungumza na seva inamoishi. Programu iliyo ndani ya kontena ikitaka hifadhidata ya PostgreSQL iliyo kwenye seva yenyewe, hubisha 172.17.0.1 poti 5432. Safari hii pakiti ni ya seva, hivyo hupitia INPUT, na UFW huitupa. Kontena hungoja hadi muda ukaisha. Anwani za daraja ziruhusiwe kwa poti hiyo mahsusi, na PostgreSQL nayo iambiwe isikilize kwenye anwani ya daraja, la sivyo ukimya utageuka kuwa kukataliwa.

Baina ya kontena na kontena, faiawali husingiziwa mengi. Kwenye daraja la docker0, kontena hazitambuani kwa majina. Kwenye daraja aliloliunda mtumiaji mwenyewe kwa "docker network create", zinatambuana. Zilizo kwenye madaraja tofauti zimetengwa kwa makusudi. Na kontena inapomwita jirani yake hutumia poti ya ndani, siyo ile iliyoelekezwa nje: hifadhidata iliyotangazwa kwa "-p 5433:5432" huitwa na jirani kwa 5432.

Visa viwili vinavyofanana na faiawali bila kuwa faiawali vinastahili kutajwa. Docker hugawa mitaa ya anwani kuanzia 172.17 na kuendelea kwa kila daraja jipya. Anwani hizo zimo katika fungu la 172.16 hadi 172.31 lililotengwa kwa mitandao ya ndani, na mashirika mengi hulitumia fungu hilo hilo. Seva ikiwa na daraja la 172.18 na tawi la shirika liko pia 172.18, majibu yanayopaswa kwenda tawini huishia darajani. Tawi moja hulalamika, mengine yote yako sawa. Kipengele cha default-address-pools katika faili ya daemon.json huiamuru Docker ichukue anwani kwingine, ingawa madaraja yaliyokwisha kuundwa sharti yavunjwe na kujengwa upya.

Kisa cha pili ni ukubwa wa pakiti. Daraja hudhani kila pakiti inaweza kufikia baiti 1,500. Seva ikipitisha mawasiliano yake katika handaki kama la WireGuard, ambalo kwa kawaida huruhusu 1,420, pakiti ndogo hupita na kubwa hupotea njiani. Muunganisho huanza vizuri, kurasa fupi hufunguka, kisha faili kubwa hukwama katikati bila ujumbe wowote wa hitilafu. Kwenye daraja la docker0 kipimo hicho hupunguzwa kwa kipengele cha mtu katika daemon.json, kwa madaraja mengine hutajwa wakati wa kuyaunda, kwa chaguo la com.docker.network.driver.mtu.